Anayehama kanisa kwa ajili ya imani aache ufunguo

Ugomvi wa mafundisho unaendelea kuzitikisa parokia za Kiprotestanti za Butembo na Beni. Historia ya Wabaptisti wa Katwa inaonyesha kwamba anayesema anatetea imani mara nyingi huwa na jambo la pili mfukoni.

Katika komini ya Vulamba, kama ilivyo katika komini nyingine tatu za jiji la Butembo, ubao wa kanisa la Kiprotestanti kwa kawaida hubeba habari tatu. Juu kabisa ni ECC, yaani Kanisa la Kristo katika Kongo, linalowaunganisha Waprotestanti wa nchi nzima. Chini yake ni namba na kifupi cha jumuiya: ya 3 CBCA, ya 8 CEPAC, ya 20 CECA. Mwisho ni jina la parokia. Jumuiya, ndivyo Waprotestanti wa Kongo wanavyoliita dhehebu, ndiyo inayomtambulisha msharika. Jirani akishaisikia anajua huyu ni Mbaptisti au Mpentekoste, na anaanza kukisia kama kwao wanawake huwekewa mikono kuwa wachungaji na kama watu hunena kwa lugha kwenye maombi.

Parokia ikigombana na makao makuu mpaka ikaamua kujitenga, mstari huo wa kati ndio wa kwanza kupakwa rangi. Ubao unabaki, nguzo zinabaki, na kengele ileile inagongwa Jumapili inayofuata. Kinachofuata ni barua za mawakili, kufuli mbili kwenye mlango mmoja, na wachungaji wawili wanaodai mimbari moja.

Sababu zinazotolewa ni za imani. Vijana wa kundi la maombi wanataka ubatizo wa Roho Mtakatifu na kunena kwa lugha katika kanisa la Kibaptisti ambalo wazee wake hawakuyazoea. Waombezi wanakesha wakitoa mapepo, huku baraza la wazee likiona kwamba maombi yamegeuka kuwa uaguzi. Mhubiri anaahidi visa, ndoa na mtaji kwa kila anayepanda mbegu, na makao makuu yanamwita kujieleza. Kwingine ugomvi ni mwanamke kuwa mchungaji, mwenye wake wawili kushiriki Meza ya Bwana, au msharika anayekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, harusini. Watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana katika mambo haya, na wanatofautiana kweli.

Swali ni je, tofauti hizo zinatosha kulitoa kusanyiko zima katika jumuiya iliyolizaa? Hapa Bunande, eneo la Wanande, swali hili lilikwisha kuulizwa, na jibu lake liligharimu muongo mzima.

Misheni iliyozaliwa na utengano

Wabaptisti walifika katika milima ya Lubero mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliyewaongoza ni Mmarekani Paul Hurlburt, mwana wa Charles Hurlburt, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa Africa Inland Mission (AIM) kule Kijabe, Kenya. Walifungua kituo Kitsombiro, kisha Katwa, kilomita chache kutoka mahali palipokuja kuwa jiji la Butembo. Misheni yao iliitwa Unevangelized Africa Mission, na yenyewe ilianzishwa baada ya Hurlburt mzee kuachana na AIM.

Mwaka 1946 kazi hiyo ikapokelewa na shirika jingine la Marekani, Conservative Baptist Foreign Mission Society. Nalo lilikuwa changa, na asili yake ni ugomvi wa mafundisho. Mwaka 1943, mjini Chicago, Wabaptisti wahafidhina walikata shauri kwamba shirika la misheni la dhehebu lao, Northern Baptist Convention, linawatuma ng'ambo watu wasioshika mambo ya msingi: mamlaka ya Biblia, Yesu kuzaliwa na bikira, na kufufuka kwake kwa mwili. Walianzisha shirika lao, na baadaye wakawa na umoja wao. Kivu ilikuwa miongoni mwa mashamba yao ya kwanza ng'ambo.

Kwa hiyo mapokeo yaliyomfikia Mnande wa Katwa pamoja na Biblia yalikuwa yamekwisha kuhama mara mbili. Katika mapokeo hayo kuondoka si aibu. Ni njia ya kulinda ukweli, na Mbaptisti anafundishwa tangu darasa la ubatizo kwamba kila kusanyiko liko huru chini ya Kristo. Wamisionari hawakutazamia kwamba wanafunzi wao wangelishika somo hilo mapema kiasi hicho.

Shule, si ubatizo

Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Assomption walifika upande huu mwaka 1929. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na mkataba wa kuzisaidia shule za misheni za Kikatoliki tangu miaka ya 1920. Waprotestanti walifunguliwa mlango wa ruzuku hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, na misheni nyingi za Kiprotestanti za Kongo zilizipokea fedha hizo.

Wabaptisti wa Kivu walisita. Kwao kanisa na dola havipaswi kula katika sahani moja. Waliogopa kwamba mwalimu anayelipwa na serikali atamtii anayemlipa, na walisema wametumwa kuhubiri Injili, si kuandaa makarani wa utawala. Lilikuwa jambo la kanuni, na walilishika kwa moyo mweupe.

Mzazi Mbaptisti wa Katwa aliliona kwa jicho jingine. Mtoto wa jirani yake Mkatoliki alisoma, akawa karani, muuguzi au mwalimu, akavaa viatu. Mwanawe alijifunza kusoma Biblia, akarudi shambani kulima maharagwe. Mzazi huyo hakuwa na ugomvi na Utatu wala na ubatizo wa kuzamishwa. Alichotaka kujua ni kwa nini imani yake imfungie mwanawe mlango ambao imani ya jirani inamfungulia mwana wa jirani.

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, kanisa lilikuwa limekwisha kupasuka. Upande mmoja walisimama walioshikamana na wamisionari. Upande wa pili walisimama waliotaka shule, na pamoja na shule, kauli katika uendeshaji wa kanisa lao wenyewe. Waligombea vituo, zahanati, nyumba na makanisa. Ugomvi ulitoka mdomoni ukafika mikononi, na viongozi wa serikali wakajikuta wakiamua kesi za watu wa Mungu. Mwanahistoria Mmarekani Jack Nelson ameandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo, kilichochapishwa mwaka 1992.

Matokeo yake ni jumuiya mbili za Kibaptisti katika eneo moja. Ya kwanza ilijulikana kama Jumuiya ya Kibaptisti katika Kivu, CBK, na leo ni CBCA, yenye makao makuu Goma. Ya pili, iliyobaki karibu na wamisionari, iliitwa CEBZE wakati wa Zaire na sasa ni CEBCE. Waliodai shule walijenga shule. CBCA leo ina shule nyingi, ina hospitali kama ya Katwa na ya Kyondo, na ni miongoni mwa waliokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, huko Goma mwaka 1985.

Mtu anaweza kusema basi, utengano ulizaa matunda. Ulizaa, hilo halina ubishi. Lakini tuangalie kilichotenganisha. Pande zote mbili zilibatiza kwa kuzamisha, zilisoma Biblia ileile, zilimkiri Bwana yuleyule. Upande mmoja uliita suala la ruzuku fundisho, upande wa pili ukaliita haki. Lingeitwa kwa jina lake mapema, yaani shule na madaraka, huenda lingezungumzwa mezani, kwa kuwa shule na madaraka ni vitu ambavyo watu wanaweza kugawana. Lilipokwisha kuvikwa joho la imani, aliyerudi nyuma hatua moja alionekana msaliti wa Mungu.

Mobutu alipofunga mlango

Mwaka 1970 Waprotestanti wa Kongo waliungana rasmi kuwa kanisa moja, ECC, likiongozwa na Jean Bokeleale. Misheni za zamani zikawa jumuiya ndani yake. Wako waliopinga, tena kwa hoja za imani: waliona umoja huo ni wa utawala, unaochanganya watu wasiokubaliana. Tarehe 31 Desemba 1971 Rais Mobutu alitia saini sheria iliyoyatambua makanisa machache tu: Katoliki, Kanisa la Kristo, na la Wakimbangu. Mengine yalilazimika kutafuta kivuli chini ya hayo au kufunga milango. Hapo ndipo namba za kwenye mbao zilipopata uzito: jumuiya isiyokuwa ndani ya ECC haikuwa na uhai mbele ya serikali.

Kwa karibu miaka 20 sheria hiyo ilizuia mipasuko mingi, au tuseme iliifukia. Waliogombana walilazimika kuishi nyumba moja. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, milango ya makanisa nayo ilifunguka. Makanisa ya uamsho yalichipuka kila mtaa wa miji ya Kongo, na Butembo haikubaki nyuma. Mengi yalianza na kundi la maombi lililotoka kwenye jumuiya ya zamani. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia sasa mashirika yasiyo ya faida, yakiwemo ya dini. Anayetaka kuanzisha kanisa ana njia ya kisheria, japo faili lake lazima lifike Wizara ya Sheria Kinshasa.

Kwa hiyo leo hakuna Mobutu wa kumzuia mtu. Kinachozuia ni bati.

Mabati ni ya nani?

Tazama kanisa linavyojengwa katika vilima vya huku. Akina mama wanapanda na mawe na mchanga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mmoja nyuma ya mwingine. Vijana wanafyatua matofali. Wafanyabiashara wa mjini, wale wanaoagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, wanaahidi mabati mbele ya kusanyiko zima, na majina yao yanasomwa. Jumapili, ibada ikiisha, sadaka za mavuno zinatolewa uwanjani na kunadiwa: ndoo ya maharagwe, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Anayenunua analipa mara mbili ya bei ya soko na haoni kwamba amepunjwa. Mzee mwenye daftari anaandika kila faranga. Sehemu ya fedha hizo inabaki parokiani, sehemu inapanda kwenye posti, ngazi iliyo juu ya parokia, na makao makuu.

Watu hao wana haki ya kusema kanisa ni lao. Jasho ni lao. Lakini sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola, na mwananchi au shirika hupewa tu haki ya kuitumia. Haki hiyo hushikwa na mwenye utu wa kisheria, na katika muundo wa jumuiya zetu mwenye utu huo ni jumuiya, kupitia mwakilishi wake wa kisheria. Parokia peke yake haina. Siku ya kura ya kujitenga, washarika 500 wanaweza kunyoosha mikono juu, na bado mbele ya hakimu anayetajwa kwenye hati ni yule waliyemkataa.

Shule ni vivyo hivyo. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa uliziweka shule za umma chini ya usimamizi wa makanisa, huku Serikali ikiwalipa walimu. Shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa ni ya mtandao wa shule za Kiprotestanti, na jina la jumuiya liko kwenye mhuri wake. Kusanyiko likijitoa, mwalimu mkuu anajikuta kati ya mabwana wawili, na ugomvi unaingia darasani. Shule iliyowapasua Wabaptisti mwaka 1960 ndiyo leo inayowafanya wengi wafikiri mara mbili kabla ya kuondoka.

Lipo jambo jingine la sasa. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23. Makao makuu ya CBCA yako upande mmoja wa mstari wa vita, na parokia za Butembo na Beni ziko upande wa pili. Kutuma fedha, kuhudhuria mkutano, hata kupata saini, yote yamekuwa safari ya mashaka. Hali ya namna hiyo ni kishawishi kikubwa kwa jumuiya yoyote. Kiongozi wa mahali anaweza kuona kwamba mchango usiokwenda makao makuu ungefaa zaidi hapa nyumbani, kisha akatafuta fundisho la kumhalalishia. Vita vikiwatenganisha watu kwa barabara, wasijiongezee utengano wa mafundisho.

Waliokataa kutoka

Afrika Mashariki ina mfano wa watu waliokuwa na kila sababu ya kuondoka wakabaki. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Waamsho hao, Balokole kama wanavyoitwa kwa Kiganda, waliwaona maaskofu na makasisi wao wamelala: dhambi haikemewi, wokovu hauhubiriwi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao.

Walikuwa na wafuasi, walikuwa na viongozi, na walikuwa na hoja ya mafundisho iliyo nzito kuliko nyingi tunazozisikia leo. Hawakuanzisha kanisa. Walibaki viti vya nyuma vya Kanisa la Anglikana, wakitubu hadharani, wakikutana nyumbani, wakiwaombea waliowafukuza. Baada ya kizazi kimoja waliokuwa wakifukuzwa ndio waliokuwa maaskofu. Festo Kivengere, aliyewekwa kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Kanisa la Uganda likabadilika kutoka ndani, na hakuna aliyegombea paa.

Kule Nyanza, Kenya, mambo yalikwenda vingine. Kasisi Matthew Ajuoga na wenzake, walioitwa watu wa Johera, walitoka katika Kanisa la Anglikana mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Walilalamikia ukosefu wa upendo ndani ya kanisa na namna wamisionari walivyoliendesha. Kanisa lao lipo hadi leo. Ajuoga alitoka akajenga upya, na hapo anastahili heshima.

Mfano mchungu zaidi ni wa Meru, Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru walitaka dayosisi yao, watoke Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Fundisho halikuwemo kabisa katika ugomvi huo, wote walikuwa Walutheri wa katekisimu moja. Hata hivyo migomba na mibuni ilikatwa usiku, nyumba zilichomwa, na watu walikufa. Dayosisi ya Meru ilipatikana. Swali la kama isingepatikana bila moto linawahusu hata walioshinda.

Kuvunja ushirika bila kuvunja mlango

Wako wanaotoa mfano wa Waanglikana. Februari 2023 Sinodi ya Kanisa la Uingereza ilipokubali baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, maaskofu wakuu kadhaa wa Kusini mwa dunia walitangaza kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wa ushirika wao. Miongoni mwa waliotia saini walikuwa Georges Titre Ande wa Kongo na Stephen Kaziimba wa Uganda. Uanglikana wa Kongo ulianzia Boga, Ituri, alikofika Apolo Kivebulaya kutoka Uganda mwaka 1896, na leo una washarika Butembo na Beni.

Mfano huo ni mzuri, ila haumfai anayeutumia. Hakuna parokia ya Butembo iliyopiga kura kujitoa. Jimbo zima, kupitia askofu wake mkuu, lilitangaza msimamo wake mbele ya jimbo jingine. Msharika wa kijijini aliamka Jumapili akasali pale alipokuwa akisali. Vivyo hivyo Kanisa la Methodisti la Ivory Coast: Mei 2024, baada ya Mkutano Mkuu wa Charlotte, Marekani, kuondoa makatazo ya zamani kuhusu ushoga, mkutano wa Wamethodisti wa nchi hiyo uliamua kutoka katika United Methodist ukiwa mwili mmoja.

Huko Marekani kwenyewe, makusanyiko ya Methodisti yalipewa kati ya mwaka 2019 na 2023 njia ya kutoka na majengo yao. Masharti yalikuwa mawili makubwa: theluthi mbili za kura, na malipo ya michango iliyobaki pamoja na deni la pensheni za wachungaji. Zaidi ya makusanyiko 7,600 yalitoka, karibu robo ya yote nchini humo. Wengine walinung'unikia bei. Lakini kulikuwa na kanuni iliyoandikwa kabla ya ugomvi, na mtu alijua anatoka kwa mlango upi na kwa gharama ipi. Jumuiya zetu zingefanya vyema kuandika kanuni ya namna hiyo katika katiba zao sasa, wakati watu bado wanasalimiana.

Hoja ya wanaotaka kutoka

Haifai kuwabeza. Wanasema imani haiuzwi kwa bati. Wanasema Martin Luther angesubiri ruhusa ya Roma, Uprotestanti usingekuwepo, na kwamba Mprotestanti anayekataza utengano anakata tawi alilokalia. Wanasema wamelalamika miaka, barua zao hazijibiwi, na mkutano mkuu huamuliwa chumbani kabla wajumbe hawajafika. Wanasema mchungaji anayehubiri uongo anawapoteza watoto wao wakati wao wanasubiri kamati.

Hoja hizi ni za kweli mahali fulani. Kiongozi wa jumuiya anayemzima kila mwenye swali kwa kumwita mwasi ndiye fundi mkuu wa makanisa mapya. Lakini ukweli wa malalamiko hauhalalishi kila tiba. Paulo na Barnaba waligombana vikali kuhusu Yohana Marko, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 15, wakaachana njia. Kila mmoja alichukua mwenzake wa safari, akaenda kuhubiri. Hakuna aliyebaki Antiokia kudai nyumba ya mkutano. Na Paulo huyohuyo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 6, anawakemea Wakristo wanaopelekana mbele ya mahakimu wasioamini. Mahakama za Butembo hazikosi kesi za aina hiyo.

Na wakati ndugu wanapigania ufunguo, wengine wananufaika. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwanamke aliyechoka kusikia matangazo ya mawakili mimbarani anavuka barabara, anaingia kanisa la hema ambalo halina katiba, halina wazee, na nabii wake hajibu kwa mtu yeyote. Waliodai kulinda mafundisho safi wamemkabidhi kwa asiye na mafundisho kabisa.

Halafu iko hali yetu ya vita. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi, mpakani na Uganda, katika kanisa la CEPAC wakati wa ibada ya ubatizo, likaua zaidi ya watu kumi. Tarehe 27 Juni 2021 lilikuwa limelipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel, Beni. Aliyetega hakusoma namba kwenye ubao. Watu wanaozikana pamoja wana wajibu wa kufikiri sana kabla ya kutangaza kwamba hawawezi kusali pamoja.

Maswali matatu kabla ya kura

Kusanyiko linalofikiria kuhama lijiulize la kwanza: je, jumuiya inatulazimisha kuhubiri tusichoamini, au inatuzuia kuhubiri Injili? Kama inakana kwamba Kristo alifufuka, kama inamlazimisha mchungaji kubariki anachokiita dhambi, basi dhamiri ina haki ya kutoka, na hakuna katiba inayoweza kuizuia. Lakini kama tofauti ni ya kupiga makofi, ya muda wa maombi, au ya mwanamke kusimama mimbarani, hayo yana nafasi ndani ya nyumba moja. Jumuiya nyingi zimeishi nayo miaka mingi bila kuvunjika.

La pili: ugomvi huu ungekuwepo kama mchungaji wetu asingehamishwa? Hapa wengi hunyamaza. Mchungaji aliyekaa parokia moja miaka kumi, amejenga, amependwa, anapopokea barua ya uhamisho, mara nyingi ndipo kasoro za mafundisho za makao makuu zinapogunduliwa. Kama fundisho hilo lilikuwa baya, lilikuwa baya hata mwaka jana.

La tatu ndilo zito: tuko tayari kutoka mikono mitupu? Tuache jengo, viti, kinanda, shule na akaunti, tuanze upya chini ya mti kama walivyoanza wa Kitsombiro? Kusanyiko linalojibu ndiyo limethibitisha kwamba jambo lake ni la imani, na jumuiya iliyoachwa inapaswa kulibariki, na ikiwezekana kulipatia kiwanja. Linalojibu hapana lina ugomvi wa mali, na ugomvi wa mali una dawa yake: ukaguzi wa hesabu, mkutano wa wazi, mgawanyo mpya wa michango, kura ya kumwondoa kiongozi muda wake ukiisha. Dawa hizo zote ziko ndani ya nyumba.

Wakuu wa jumuiya nao wana la kufanya. Wajibu barua. Wasome hesabu mbele ya watu waliobeba mawe. Wasimhamishe mtu kama adhabu kisha wakaita uamuzi huo uongozi wa Roho. Na waweke katika katiba njia ya kutoka yenye masharti yanayojulikana, ili atakayehama asihame kama mwizi.

Kwa parokia nyingi za Butembo na Beni zinazonung'unika leo, hukumu ya makala hii ni kwamba zibaki, zigombane ndani, na zishinde kwa subira kama walivyoshinda wa uamsho wa Gahini. Kwa zile chache ambazo dhamiri imezibana kweli, ziondoke bila kesi na bila kufuli ya pili. Mzee mwenye ufunguo aupeleke mwenyewe kwa mwakilishi wa jumuiya, mchana, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.